Chupa Niliyoiandika Kuwa Imeharibika

Kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni, pale ziwani samaki wanaposhushwa, kwa gunia, nachambua, nauza soko la Igoma kwa debe na kwa kikombe. Watu wananijua kwa ulimi. Kabla sijakubali gunia natia dagaa wawili watatu mdomoni, nawatafuna kwa meno ya mbele, natema. Dagaa mzuri ana utamu wa mbali. Aliyenyeshewa mvua akiwa bado ameanikwa mchangani anakuwa mchungu, na uchungu ule hauondoki hata ukaange na nyanya na vitunguu vya aina gani. Huyo tunamwita wa kuku. Wenzangu wakigombana na mteja wananiita nionje niamue, na nimeshawahi kuamua dhidi ya rafiki yangu mwenyewe akakaa wiki nzima bila kunisalimia. Nimeishia darasa la saba, sina cheti cha kitu chochote, lakini kwa jambo hilo moja nilikuwa najiona mtu.

Nasema haya si kwa kujisifu. Nayasema ili ieleweke kwa nini mimi, ambaye kinywaji changu ni soda, na mvinyo mtamu wa Dodoma kidogo kwenye harusi, nilipewa kazi ya kuonja mvinyo wa Kiitalia.

Jirani yetu alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa. Kamati ya sendofu ilikuwa inakaa kila Jumapili jioni. Upande wa bwana harusi ni watu wa Musoma, na baba yake mkubwa ni padri aliyeishi Italia miaka mingi. Walituma ujumbe kwa upole kwamba mzee angefurahi akikuta mvinyo mwekundu wa huko kwenye meza kuu. Mwenyekiti wetu wa kamati, fundi wa alumini, mtu wa maneno mengi, alisema sawa, lakini uwe wa bei ya kwetu. Akapata maduka matatu yaliyokubali kutoa chupa moja moja ya kuonjwa. Mawili yako Mirongo, katikati ya mji. La tatu ni la mama mmoja ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa ameacha kukaanga chipsi na kufungua duka la vinywaji, lina miezi minne tu, na ile waini, kama tunavyoiita mtaani, aliileta ili duka lake lifanane na ya mjini. Sendofu ile ingekuwa kazi yake kubwa ya kwanza.

"Mayu," mwenyekiti aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma chake cha heshima, "wewe huna upendeleo. Chukua chupa, onja nyumbani, utuandikie."

Nilitaka kuifanya kwa haki. Nilimwambia wifi yangu, mdogo wake mume wangu anayekaa nasi, azifunge chupa zote kwa gazeti mimi nikiwa nje, aziandike moja, mbili, tatu, asiniambie ipi ni ya nani. Nilitafuta glasi tatu za namna moja, nikazisuuza kwa maji ya moto ili zisinuke sabuni. Chupa zilikuwa zimelala kwenye friza tangu asubuhi, maana kwetu kinywaji cha mgeni ni cha baridi, na kadiri kinavyokuwa cha baridi ndivyo mgeni anavyoheshimiwa.

Ya kwanza na ya pili zilikuwa na vifuniko vya kuzungusha. Ya tatu ilikuwa na kizibo cha gome, na sisi hatuna kile chombo cha kukivutia. Wifi alihangaika na kisu, akaniita nimshikie. Mwisho tulikisukuma ndani kwa mpini wa mwiko. Hapo ndipo haki yangu ilipovuja, na naiandika hapa kwa sababu sijawahi kuisema. Siku mbili kabla nilikuwa nimemwona yule mama mwenye duka akimkabidhi mwenyekiti chupa ndefu yenye kizibo cha gome. Nilipoona gome lile likizama, nilijua namba tatu ni ya nani. Ningeweza kusimama nikasema basi, aonje mtu mwingine. Nikaendelea.

Ya kwanza ilikuwa na mapovu na utamu, kama zabibu iliyochanganywa na soda. Wifi alikunywa akataka nyingine. Ya pili ilikuwa laini, si tamu sana, haina kero, inateremka. Niliandika hivyohivyo kwenye daftari.

Ya tatu iliingia mdomoni ikanikausha ulimi mpaka ufizi. Kama zambarau ambayo haijaiva. Kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Na nyuma kabisa, uchungu. Niliitafuna kama nifanyavyo, nikatema kwenye beseni.

"Unatema kitu cha harusi?" wifi alisema.

"Onja wewe."

Akaonja, akakunja uso. "Mama yangu. Hii si ya kunywa, hii ni ya kuoshea kidonda."

Tulicheka. Vipande vya gome vilikuwa vinaelea juu. Nilionja tena mara mbili ili nisimwonee, na mara zote mbili ulimi wangu ulisema kitu kilekile unachosema nikipewa dagaa walionyeshewa. Nikaandika: namba tatu, umeharibika, usinunuliwe. Tukafungua magazeti, na mbele ya kila namba nikaongeza duka ilikotoka. Niliona ni wajibu, ili kamati isikosee.

Neno "mchungu" nilikuwa nalijua. Ningeandika mchungu ningekuwa nimesema nilichokijua. Kuharibika ni jambo jingine, ni kumwambia mtu kwamba anauza kitu kibovu, na mimi mvinyo mkavu nilikuwa sijaonja hata mara moja maishani. Halafu kuna jambo ambalo nimejiuliza mara nyingi nikichambua dagaa. Mwaka jana yule mama alimwambia mwenye nyumba wangu kwamba nyavu zangu za kuanikia zinanukisha mtaa. Alikuwa na haki, zilikuwa zinanuka, nikazihamisha. Sikumchukia. Lakini je, kalamu ilipoteremka kwenye lile neno, hakikuwepo kitu? Sijui. Nikisema hakikuwepo nitakuwa najisafisha, nikisema kilikuwepo nitakuwa nabuni.

Mwenyekiti hakusubiri Jumapili. Alipiga picha ukurasa wangu akautupa kwenye grupu la kamati, watu sitini na kitu, akaandika chini: "Majibu ya maabara." Wakachekea pale. Wakanunua ile ya mapovu. Na kwa kuwa nusu ya kamati ni majirani, habari haikukaa kwenye simu. Ndani ya siku chache nilisikia kwa fundi cherehani kwamba duka la yule mama linauza vitu vilivyoharibika. Si mvinyo tena, vitu. Nikasema ulikuwa mvinyo tu. Fundi akanijibu, "Lakini si wewe uliyeandika?"

Sendofu ilipita vizuri. Yule padri alikunywa glasi moja ya ile ya mapovu, akashukuru. Kesho yake mchana wenyeji walimwandalia chakula kabla hajarudi Musoma, nami nilikuwa jikoni, maana ng'ombe alikuwa mkubwa na mikono ilihitajika. Nilikuwa napeleka nyama mezani mwenyekiti alipoanza kumsimulia mzee, kwa kuchekesha, habari ya maabara na ile chupa mbovu.

"Ilikuwa ipi?" padri akauliza.

Mwenyekiti akamwonyesha picha ya chupa kwenye simu. Mzee akaiangalia, akaomba kijana aende duka ilikotoka akalete nyingine, isiwekwe kwenye baridi. Ikaja. Aliifungua kwa kisu chake cha kukunja, chenye chombo cha kuvutia kizibo, akamimina, akanusa, akanywa. Akakata kipande cha nyama, akala, akanywa tena mpaka glasi ikaisha. Nilikuwa nimesimama na sinia tupu mkononi.

"Huu ni mzima," alisema. "Ni mkavu, ndivyo walivyoutaka wenyewe. Ukiugandisha unang'ata. Ukiunywa na nyama unatulia. Nani alisema umeharibika?"

Hakuuliza kwa ukali. Nadhani alitaka tu kumwelekeza mtu huyo. Wifi, aliyekuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa, aliniangalia. Mwenyekiti akaangalia sahani yake. Kwa hilo namshukuru, angeweza kunitaja. Nami nilisema, "Niwaongezee wali?" nikarudi jikoni, nikaosha masufuria ambayo hayakuwa zamu yangu.

Usiku huo sikuandika kitu kwenye grupu. Kesho yake niliandika nikafuta. Niliandika tena kwa maneno mazuri zaidi nikafuta tena, nikijiambia sijui kuandika, na ni kweli sijui, lakini haikuwa sababu. Siku ya nne nilituma: mvinyo ule ni mzima, mimi ndiye niliyekosea. Kufikia hapo sherehe ilikuwa imeisha na watu walikuwa wamejiondoa kwenye grupu mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo kawaida. Tulibaki kumi na mmoja. Mmoja aliniwekea kidole gumba.

Nikaenda dukani. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kreti, hakuna mteja. Yeye ni mkubwa kwangu kidogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Hakunikaribisha kiti. Nilimwambia yote, hata la kizibo, hata la nyavu. Alisikiliza akichezea ufunguo wa friji.

"Ukishamaliza kuonja, ungekuja kuniuliza," alisema. "Ni nyumba ya tatu."

"Ni kweli."

"Ningekwambia hata mimi siipendi. Ningekwambia ni chungu. Aliyeniuzia aliniambia ndivyo ilivyo." Akauweka ufunguo mapajani. "Sasa unaniomba msamaha humu ndani, mimi na wewe na kreti. Ulinisema humu ndani?"

"Hapana."

"Basi."

Ilibaki siku moja ya kukutana, ya kuvunja kamati, wanakamati wanapokula kilichobaki na kushukuriana. Nilikwenda. Walipofika kwenye ajenda ya mengineyo nilisimama nikasema kwamba ukurasa ule ulikosea, mvinyo ule ni mzima, padri ameunywa, na duka lile halijauza kitu kibovu. Kilichokuwa kibovu ni neno langu. Nilisema pia kwamba nilijua chupa ni ya nani kabla sijaonja. Hilo la mwisho halikuwagusa, nadhani hawakulielewa, au walikuwa wameshashika vijiko.

"Mayu," mwenyekiti alisema, "kamati imeshavunjwa. Rufaa haisikilizwi."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mama mmoja akaniambia nikae, ndizi zinapoa. Nikakaa. Nilikuwa nimetimiza nilichoambiwa, na niliona wazi kwamba hakijafika popote. Neno la kwanza lilikwenda mtaani bila kusukumwa. Hili la pili lilifia pale kwenye sahani.

Jumamosi iliyofuata nilifunga meza yangu mapema, nikaenda dukani kwa yule mama nikanunua chupa ileile. Nikamwomba glasi na ruhusa ya kukaa barazani. Alitoa glasi, akaishikilia.

"Unataka nini hasa?"

"Nataka wanione nikiinywa."

Akatoa kiti, safari hii. Akanivutia kizibo, chombo cha kuvutia anacho. Haikuwa ya baridi. Nilikuwa nimekuja na nyama choma kidogo kwenye karatasi, kama alivyosema mzee, na ni kweli inatulia, lakini sitaki kudanganya, haijawa tamu. Watu walipita wakitoka sokoni. Wengine walinisalimia wakiangalia glasi. Nilihisi kama nimevaa nguo ya mtu mwingine.

Akaja mama mmoja ninayemuuzia dagaa, mmoja wa waliokuwa wameacha kununua hapo.

"Shoga, si ndiyo ile iliyoharibika hiyo?"

"Haikuharibika. Niliandika kitu nisichokijua."

"Kumbe ni tamu?"

Nyuma yangu yule mama mwenye duka aliacha kufuta friji. Nilijua jibu ambalo lingemsaidia. Lilikuwa jepesi, na baada ya yote niliyomfanyia, nani angenilaumu kwa uongo mdogo.

"Hapana," nikasema. "Kwangu ni chungu. Lakini ni nzima, na ndivyo inavyotengenezwa."

"Sema tu nzima," yule mama alisema kutoka ndani. "Huo uchungu niachie mimi."

Mteja alicheka, na mimi nikacheka kidogo. Akaingia, akaomba soda mbili. Alipopewa hakuziweka kwenye kikapu. Aliinua ya kwanza, akaigeuza, akaanza kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, taratibu, kwa kidole, kama mtu anayesoma kwa shida. Yule mama mwenye duka alinyoosha mkono akawasha taa ya dukani, ingawa kulikuwa bado mchana, ili mwenzake aone vizuri.

"Soma tu, mama," alimwambia. "Soma na ya pili."

Akasoma na ya pili. Akalipa, akaondoka. Mimi nilikuwa naangalia chini kwenye glasi yangu, na sikuinua macho mpaka nilipoimaliza.