Mhuri Namba Arobaini na Moja

Kwetu Cobb Rapids, jimbo la Michigan, hakuna aliyenunua gari bila kwanza kuinua boneti. Si kwamba alitaka kuona injini. Injini zote za Brandeker zilikuwa sawa, yaani zilivuja mafuta mahali pamoja. Alichotafuta ni namba iliyogongwa kwa wino wa buluu upande wa ndani, namba ya mkaguzi aliyelipitisha gari hilo kiwandani. Akikuta kumi na saba, alisema anakwenda kushauriana na mkewe. Akikuta arobaini na moja, alimwambia muuzaji alete funguo.

Arobaini na moja alikuwa Orval Tesch.

Kampuni yenyewe ilianzishwa na Ezra Brandeker, fundi wa sleji, yale magari ya theluji yanayokokotwa na farasi, ambaye mwaka 1909 aliunda gari lake la kwanza na kusahau kulitia gia ya kurudi nyuma. Hakuna aliyelalamika. Barabara za wilaya yetu zimenyooka, na wenyeji huona kurudi nyuma ni aibu. Baadaye akaweka korongo wa chuma cheupe juu ya boneti, ndege ambaye mdomo wake umechana mikono ya mashati ya vizazi vitatu, Jumamosi baada ya Jumamosi, watu wakiosha magari. Hata hivyo tuliyapenda. Mchungaji wetu aliliendesha lake miaka kumi na tisa, na lilipokufa alilitaja kwenye mahubiri, heshima ambayo mama mkwe wake hakuipata. Mfanyakazi aliyenunua gari la kampuni nyingine hakufukuzwa, la hasha. Aliambiwa tu aliegeshe ng'ambo ya reli, ili kila asubuhi apite kwenye tope akiutafakari uamuzi wake.

Orval aliingia kiwandani mwaka 1946, akiwa bado amevaa viatu vya jeshi. Kazi yake ilikuwa moja. Chini ya gari kuna nati inayoshika mkono wa usukani, na kuna pini, nyembamba kama kijiti cha kiberiti, inayopitishwa kwenye tundu ili nati isilegee. Orval alivuta spana mara tatu, akaipapasa pini kwa kidole gumba, akagonga mhuri. Mara tatu, si mbili. Wenzake walimcheka kwamba hata chumvi ya supu anaipapasa kabla ya kuionja. Mhuri wenyewe aliubeba mfukoni mpaka nyumbani, kama kanuni ilivyotaka, na kila Jumapili mkewe aliutoa kwenye suruali ya kazi na kuuweka kando ya saa yake.

Mwezi Juni mwaka 1968 gari la kukokotea magari mabovu lilisimama mbele ya nyumba ya Orval. Nyuma yake lilining'inia Brandeker la kijani, jipya kabisa, uso umepondeka. Kwenye kiti cha mbele, pembeni ya fundi aliyeliendesha, aliketi Wilma Stahlhut, mjane aliyewapikia chakula wanafunzi wa shule yetu kwa miaka ishirini, na aliyezoea kuongea na watu mia tatu kwa wakati mmoja.

"Orval! Toka nje!"

"Wilma? Si uko hospitali wewe?"

"Nimewaachia kitanda chao." Alishuka kwa magongo, nyonga imefungwa. "Fundi, inua hiyo boneti. Haya. Namba hiyo ya nani?"

"Yangu."

"Pandisha sauti. Sikio moja nimeliacha shambani."

"Yangu, Wilma."

"Nilimwambia muuzaji, sitaki redio, sitaki viti vya ngozi, nipe arobaini na moja. Akanitafutia mwezi mzima. Juzi niko njiani naenda kwa dada yangu, usukani ukaanza kuzunguka mikononi kama kifuniko cha chupa. Mimi naenda kushoto, gari linaenda linakotaka. Nimelima viazisukari vya Otto Krebs mistari kumi na miwili, na mavuno yenyewe ndiyo haya." Akaigonga nyonga kwa gongo.

Orval alilala chali kwenye nyasi akaingiza mkono chini. Nati haikuwepo. Tundu la pini lilikuwa na rangi ya kiwandani pande zote mbili, nzima, haijakwaruzwa. Pini haikuwahi kupita hapo. Alitoka taratibu, majani yamemganda mgongoni.

"Haikuwekwa," alisema.

"Na wewe ulipapasa nini?"

Orval alikitazama kidole gumba chake. Wilma alimngoja kwa muda ambao mtu muungwana angemngoja, kisha akapanda alikotoka. "Teremsha hapo hapo," alimwambia fundi. "Mimi sikai nalo. Akae nalo yeye."

Kwa hiyo lilikaa, korongo ameelekea dirisha la jikoni.

Orval hakwenda tena kwenye mlo wa samaki wa kila Ijumaa kanisani. Kiwandani alianza kuvuta spana mara tano, kisha mara nane, magari yakarundikana nyuma yake, na wenzake wakapata la kusema.

"Mzee, hiyo nati unaikagua au unaichumbia?"

"Mwacheni, kesho anapeleka mahari."

Aliyewanyamazisha ni Merle Hasbrouck, nyapara wao, ambaye alikuwa amemwoa Arlene, dada yake Orval. Merle alikuwa mtu mwema kwa namna ambayo kila mtu aliiona. Alimshika Orval bega.

"Shemeji, mtu kukosea mara moja katika miaka ishirini na mbili si dhambi. Hata Ezra alisahau gia nzima."

"Sikumbuki kuikosa, Merle."

"Ndiyo maana ya kukosea. Ungekumbuka, ungeiweka."

Orval aliyachukua maneno hayo nyumbani kama dawa, na kama dawa, hayakumpa usingizi.

Alhamisi moja, saa ya chakula cha jioni, alikuja bwana mmoja wa ofisi ya wanasheria wa kampuni, jina lake Pruett, viatu vyake safi mno kwa mji wetu. Alilizunguka gari la kijani bila kuligusa, akaketi mezani, akakubali kahawa, akatoa karatasi.

"Bwana Tesch, ni saini tu. Kwamba gari hili ulilikagua mwenyewe, nati ilikuwa imekazwa na pini ilikuwa mahali pake."

"Na Wilma je?"

"Bi Stahlhut atakuwa aligonga kitu kabla ya hapo. Unawajua akina mama na kingo za vidaraja."

"Aligonga kitu gani?"

"Tutakipata."

Hapo ndipo Orval alipokuwa amefika. Akitia saini, jina lake linabaki safi na Wilma anakuwa mwongo asiyejua kuendesha. Asipotia, anakuwa mtu aliyepitisha gari bovu kwa mjane aliyelitafuta mwezi mzima kwa ajili ya namba yake. Aliichukua kalamu. Lakini alikuwa mkaguzi, na mkaguzi hawezi kupitisha kitu bila kukiangalia, kwa hiyo aliisoma karatasi yote, tangu nembo ya korongo juu mpaka jina la mchapishaji chini. Katikati alikwama.

"Tarehe hii mmeiandika sawasawa?"

"Imetoka kwenye kitabu cha kiwanda."

Orval alitoka nje na kitambaa cha vyombo. Chini ya namba ya buluu kuna kibati kilichogongwa siku ya kuundwa gari, na hicho kilikuwa kimefunikwa na tope la shamba la Krebs. Hakuwa amekitazama. Mtu akiona jina lake kwenye mashtaka hasomi tarehe. Alikifuta. Tarehe 15 Novemba 1967.

Alirudi ndani akamwambia Pruett aje tena Jumatatu.

Novemba kumi na tano ni siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Siku hiyo kwetu shule hufungwa, mahakama huahirisha, na mwanamke akishikwa na uchungu humwita mama yake. Orval hakuwahi kuwa mjini siku hiyo tangu atoke vitani. Alikuwa kaskazini kwenye kibanda cha magogo pamoja na wakaguzi wenzake sita, wakila maharagwe na kusingiziana risasi zilizokosa. Mihuri yao haikuwa nao. Mwaka 1953 mmoja wao, Harlan Moe, aliudondosha wake kwenye theluji, na wote saba wakapoteza asubuhi nzima wakichekecha theluji kwa sufuria huku kulungu wakiwatazama. Tangu mwaka uliofuata, jioni ya kuamkia msimu, kila mkaguzi alitia mhuri wake kwenye kopo la kahawa na kumkabidhi nyapara.

Maana Merle hakuwa anakwenda siku ya kwanza. "Nendeni nyie, mimi nitabaki," alisema kila mwaka, na kila mwaka walisema hakuna mtu kama Merle. Yeye alifika kibandani kesho yake jioni, na kopo, na maandazi ya Arlene, akakuta kitanda chake karibu na jiko kimetandikwa. Paja bora la kulungu wa kwanza lilikuwa lake. Hilo halikujadiliwa.

Jumapili baada ya ibada Orval alimkuta Merle uani kwake, ndoo mguuni, anamsugua korongo wa gari lake.

"Shemeji! Umekuja kunisaidia au kunikagua?"

"Merle, siku ya kulungu mstari wa kiwanda huwa unasimama?"

"Usimame? Na wakubwa wanataka magari?" Aliendelea kusugua. "Wanashusha makarani kutoka ofisini, wanawapa spana. Ungecheka. Kuna mmoja alivaa glavu za harusi."

"Na chini ya gari anaingia nani?"

Sifongo ilisimama.

"Nani anapapasa pini, Merle?"

"Gari haliwezi kutoka mlangoni bila mhuri, Orval. Unajua kanuni."

"Naijua. Ndiyo nakuuliza."

"Nyie mlitaka kwenda msituni. Mwaka 1954 nilikwenda juu kuwaombea ruhusa. Wakasema, waende, mradi magari yatoke. Sasa ulitaka nifanye nini, niwanyime kulungu?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Ukiondoa zilizoangukia Jumamosi na Jumapili ni siku kumi na moja tu. Kumi na moja, katika miaka kumi na minne! Na miaka yote hii hakuna aliyeumia."

"Wilma ameumia."

"Wilma ni mmoja."

"Uliniambia nimekosea. Ulinishika bega."

Merle alitazama ndani ya ndoo. "Nilitaka upumzike, shemeji. Ulikuwa unaichelewesha kazi."

Orval aliizunguka ndoo. Alipita upande wa mbele wa gari, akainua boneti, maji ya sabuni yakamtiririkia mikononi. Namba arobaini na moja, buluu, imenyooka, kila ukingo umekolea. Aliutambua mkono wake. Chini yake kibati kilikuwa safi, kimefutwa na mtu anayejali. Tarehe 17 Mei 1966. Siku ya Jumanne.

"Lako ulilichagua mwenyewe?" aliuliza.

"Arlene alipenda rangi," Merle alisema.

Orval alishusha boneti taratibu, kama wanavyofundishwa kiwandani, bila kuibamiza.

Jumatatu Pruett alirudi. Orval alikuwa ameigeuza karatasi na kuandika nyuma yake, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: Siku hii nilikuwa msituni na wanaume sita, majina yao haya hapa. Mhuri wangu ulikuwa kwenye kopo la kahawa kiwandani. Gari hili sikulikagua. Chini yake akatia saini.

Pruett aliisoma mara mbili. "Hii siyo tuliyoiandika sisi."

"Najua. Hii nimeikagua."

Nakala alimpelekea Wilma mwenyewe, akasimama mlangoni amevua kofia. Wilma aliisoma ameegemea magongo.

"Kwa hiyo mkono haukuwa wako."

"Haukuwa."

"Ila mhuri ulikuwa wako."

"Mhuri ulikuwa wangu."

"Na ulimwachia mtu akae nao, ukaenda zako kupiga wanyama."

"Nilimwachia Merle," alisema Orval, kana kwamba hilo ni jibu, na kwa miaka kumi na minne lilikuwa jibu.

Wilma alisogeza gongo, akaacha nafasi mlangoni. "Ingia," alisema. "Kuna supu. Chumvi utaionja, hutaipapasa."

Mwanasheria wa Wilma alipoiweka karatasi ile mezani, kampuni iliacha kukitafuta kile kitu alichogonga, ikamlipa kimya kimya. Orval walimhamishia getini, kuhesabu malori, na mhuri wakauchukua kwa kuwa ni mali ya kampuni. Merle aliendelea kuwa nyapara. Kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi alisifiwa kwa uaminifu wa muda mrefu, na tulipiga makofi, kwa kuwa mikono huwa na mazoea yake. Kiangazi chote, Jumamosi, watu walipokwisha kuosha magari, uliwaona wameinamia vibati wakisoma tarehe. Waliokuta Novemba hawakusema. Walikwenda tu kununua pini, na duka la vipuri likaishiwa.

Novemba ikafika. Jioni ya tarehe kumi na nne Merle alisimama mlangoni na kopo la kahawa, kama kila mwaka. Wakaguzi sita walipita mbele yake mmoja mmoja wakivaa makoti.

"Jamani, mihuri."

"Tunakwenda nayo," Harlan Moe alisema.

"Itapotea kwenye theluji."

"Ndiyo."

Wakamchukua Orval getini, ambaye hakuwa na cha kupoteza, wakaelekea kaskazini. Kesho yake, Ijumaa, kiwanda cha Brandeker kilisimama, jambo ambalo vita viwili havikuliweza. Makarani walikaa ofisini na glavu zao. Msituni mihuri miwili ilianguka mahali fulani kwenye theluji, na hakuna aliyeinama kuitafuta.

Kitandani kwa Merle, karibu na jiko, waliweka kuni.