Mume Wangu wa Nyuma ya Shuka

Siku za mwisho za mwezi wa nne, mwaka 1972, nilipoteza mume wangu Saidi, mashine yake ya sinema, na mikebe yote ya filamu aliyokuwa ameikusanya tangu Uhuru. Mume ndiye niliyemlilia. Mikebe niliikumbuka baadaye, na mtaona kwa nini.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Rumonge, nikiwa na akili zangu timamu. Sikusoma sana na sijui kupamba maneno. Pale ambapo sikuona vizuri nitasema sikuona. Ukishamaliza kusikiliza, amini au usiamini, mimi nitakuwa nimeutua mzigo wangu.

Saidi alikuwa fundi cherehani. Wazungu walipoanza kurudi kwao wakati wa Uhuru, kila mmoja aliacha kitu: huyu kitanda, yule mbwa. Saidi alikuwa anauliza filamu. Alipata mashine kutoka kwa karani mmoja wa kampuni ya mawese, ikiwa imevunjika mguu, akaitengenezea mguu wa mti wa mwembe. Kisha akaanza kukusanya. Mikebe ilitoka kwenye stoo za maduka, chini ya vitanda, mingine Kabezi, mingine Bugarama, mahali ambapo hungedhani mtu amewahi kuona sinema. Zilikuwa filamu za zamani zisizo na sauti. Akifika nazo nyumbani alifungua mkebe na kuunusa kwanza. Filamu inayoanza kufa inanuka siki. Zile zenye harufu aliziweka kando, akazipepea, akazikata palipooza na kuziunga kwa gundi, polepole, kwa mikono ileile iliyopindia kanzu za watu.

Ijumaa jioni aliazima moteri ya umeme kwa mnunuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, akatundika shuka ya merikani katikati ya ua. Vipande viwili alivyoviunga mwenyewe kwa mshono mmoja. Wanaume walikaa upande wa mashine. Sisi wanawake tulitandika mikeka upande wa pili, nyuma ya shuka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na hatukulalamika, maana picha inapenya. Ila inapenya ikiwa imegeuka. Nyuma ya shuka kila mtu anakula kwa kushoto, anaandika kwa kushoto, na gari linalokwenda mlimani linakwenda ziwani. Na ule mshono ulipita katikati ya nyuso zao wote. Nimeona sinema miaka kumi na sijawahi kuiona kwa upande wake wa kweli.

Kwa kuwa filamu hazikuwa na sauti, Saidi ndiye aliyewasemea watu wote: mzee, msichana, mwizi, hata farasi. Tulimsikia kutoka ng'ambo ya nguo, watu wakicheka.

Ila filamu moja hakuisemea. Siku ya Uhuru mwalimu mmoja wa Kizungu alipita na kamera ndogo barabarani kwetu. Filamu ikaenda kwao kusafishwa, ikarudi, na kabla hajaondoka akampa Saidi, kwa sababu Saidi ndiye aliyeshona bendera za mtaa wetu. Ilikuwa fupi sana. Watu wanapita, watoto wanaruka, halafu Saidi anatokea na koti lake, utepe wa Uhuru kifuani upande wa kushoto. Anapita, anageuka kutazama nyuma ya bega, anacheka, anasema neno moja, anainua mkono wa kuume. Basi. Ikifika hapo Saidi wa kweli alinyamaza kabisa kwenye mashine.

"Huyu si bubu," alisema. "Akitaka atajisemea mwenyewe."

Saidi alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Kioo cha taa ya karabai kilimpasukia alipokuwa kijana kwenye mitumbwi ya ndagala. Nyuma ya shuka kovu lilikuwa juu ya jicho la kuume na mkono uliopungwa ulikuwa wa kushoto. Wifi yangu Zena, dada yake Saidi, hakuniacha nipumzike.

"Wifi, mume wako wa nyuma huyu hapa," alisema. "Huyu wa kushoto. Umupende huyu, yule wa mbele anakoroma."

"Huyu naye nani amesema hakoromi?"

"Huyu hana sauti, wifi. Atakoroma na nini?"

Wanawake walicheka mpaka wanaume wakatuambia tunyamaze.

Halafu ukaja ule mwaka wa mauaji. Asubuhi watu walikuwa wanakimbia. Saidi alinipandisha kwenye mtumbwi pamoja na Zena na majirani, akanitupia furushi la nguo, akasema anafunga nyumba, atafuata. Hakufuata. Wako waliosema alipakiwa kwenye lori. Mimi sikuona, kwa hiyo sisemi. Furushi nilipolifungua ng'ambo, upande wa Kongo, nguo zetu zilikuwa zimefungwa ndani ya ile shuka. Nilikuwa na mimba. Aziza alizaliwa hukohuko na shuka ikawa mbeleko yake.

Tuliporudi Rumonge Aziza alikuwa ameshajua kusema, na alikuwa anasema sana. Nyumba ilikuwa imesimama, lakini ndani palikuwa patupu. Meza ya kukatia tu ilibaki, kwa sababu haikuweza kupita mlangoni. Mashine hakuna, mikebe hakuna, picha hata moja hakuna. Nilitundika ile shuka kama pazia kati ya chumba cha mbele na cha kulala, tukaanza maisha.

Sasa nikuambie kilichonitesa. Msiba nilishauzoea. Lakini mtoto aliniuliza baba yake alikuwa na uso gani, nikafungua mdomo kujibu nikakuta uso wenyewe umenitoka. Nilijua alikuwa na kovu. Lilikuwa juu ya jicho gani? Nilipofumba macho lilikuja upande huu, nikifumba tena linakuja upande ule. Unajua ubaya wa kumsahau mtu ambaye hana hata kaburi? Anakufa mara ya pili, na safari hii wewe ndiye unayemfukia. Nilimwambia Aziza, "Alikuwa mzuri." Akasema, "Mzuri namna gani?" Nikamtuma kuni.

Ilikuwa jioni, Magharibi imeshaswaliwa, bado kuna mwanga kidogo upande wa ziwa. Nilikuwa nimesonga ugali wa muhogo na ndagala za mawese. Aziza akasema, "Mama, iko mutu ku mulango."

Kweli alikuwepo mtu. Hakupiga hodi. Alikuwa mwanaume mwenye koti, amesimama akiwa na mwanga mgongoni, uso sikuuona. Nikamsalimu, amahoro. Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka. Nikajua ni bubu, na bubu mwenye njaa hafukuzwi. Nikamwambia karibu ndugu yangu, chakula kiko tayari.

Alipoingia nilisikia harufu ya siki. Nilidhani ni nguo zake, labda anatoka mbali.

Nilimmiminia maji akanawa. Akakaa kwenye mkeka karibu na Aziza. Mtoto hakuogopa hata kidogo, alimsogezea bakuli la ndagala. Yule mgeni akapeleka mkono kwenye ugali. Mkono wa kushoto.

Ungefanya nini wewe? Mimi nimelelewa hivyo, na mtoto alikuwa anatazama. Nilisema kwa upole, "Ndugu yangu, hapa kwetu tunakula kwa wa kuume."

Aliutazama mkono wake. Akaurudisha bila kula. Kisha akacheka. Sauti haikutoka, lakini kicheko nilikijua. Taa ilikuwa usoni pake sasa. Kovu lilikuwa juu ya jicho la kuume. Vifungo vya koti vilikuwa vimegeuka, upande wa wanawake, na utepe ulikuwa kifuani upande wa kuume.

Sikupiga kelele. Nikuambie ukweli, sikuogopa kama ninavyopaswa kusema kwamba niliogopa. Nilitaka tu asiondoke.

Akainuka, akapita nyuma ya shuka, kwenye chumba cha kulala. Huko nilikuwa nimewasha kibatari, basi kivuli chake kikaja kwenye nguo, kikubwa, mshono ukipita katikati yake. Akanyoosha mkono kwenye kona ya chumba iliyo upande wa ziwa. Akaushikilia hapo kwa muda mrefu. Kisha nguo ikabaki nyeupe. Niliingia mbio. Chumba hicho hakina mlango mwingine, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani.

"Mugeni amekwenda wapi?" Aziza akauliza.

Asubuhi nilimwita Zena tukachimba kona ile ya ziwani. Tulichimba mpaka jembe likagonga jiwe. Hakuna kitu. Nilikaa kwenye udongo nikaanza kulia, mara ya kwanza tangu tulipovuka. Nilisema nimemfukuza kwenye chakula, kwa sababu ya mkono, na sasa amekuja kunichezea.

Zena alikuwa ameegemea jembe. "Wifi, hebu niambie tena. Alikula kwa mukono gani?"

"Hakula. Alitaka kula kwa kushoto."

"Na kovu?"

"Kuume."

Zena akaweka jembe chini. "Kaka yangu kovu lake liko kushoto. Mimi ndiye nilimufunga kitambaa siku ile. Huyu aliyekuja si wa mbele. Ni mume wako wa nyuma." Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Na wa nyuma akikuonyesha ziwani, anasema nini?"

Tulihamia kona ya upande wa mlima. Hatukuchimba hata kufika magotini. Palikuwa na debe la biskuti lililofungwa kwa kitambaa cha mpira, limepakwa nta pande zote. Ndani yake mlikuwa na mkebe mmoja. Nilijua ni upi kabla sijaufungua. Nikaunusa kwanza, kama alivyokuwa anafanya. Siki, lakini si kali. Haikuwa imekufa.

Ndiyo maana alibaki nyuma siku ile, kumbe. Zena alisema bora angeiacha. Mimi nikaupakata mkebe.

Mashine hatukuwa nayo. Nilikivuta kipande cha mwisho, nikasimama dirishani, nikatafuta picha moja baada ya nyingine mpaka nikamfikia. Alikuwa mdogo kama ukucha, lakini alikuwa yeye. Kovu juu ya jicho la kushoto. Uso wote ukanirudia kwa mara moja, pua, meno, hata mahali alipokuwa anasahau kunyoa. Nikamwinua Aziza. "Huyu ndiye baba yako."

Alitazama sana, jicho moja amelifumba. Akatikisa kichwa. Akachukua filamu mkononi mwangu, akaigeuza, akatazama tena.

"Huyu ni mugeni wetu," akasema.

Tangu hapo nilianza kutafuta mikebe mingine. Niliuliza kila mtu bila kumwuliza aliipataje. Mama mmoja Kabonga alikuwa anatilia chumvi kwenye mikebe, filamu zenyewe amezifunga gunia darini. Wakulima wa mpunga walikuwa wametundika vipande shambani kufukuza ndege. Wengine walirudisha usiku, wakaacha mlangoni, wakaenda. Nazipepea, nazikata palipooza, naziunga. Sijui kama Saidi angesema kazi yangu ni nzuri. Mshono wangu unaonekana. Lakini nina raha nikiwa nimekaa na mikebe ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Wewe unayesikia haya, nina onyo moja. Ukikuta mkebe wa filamu stoo kwenu usiutupe kabla ya kuunusa, na usidhani kilichomo hakina mwenyewe. Na mgeni asiyesema akikaa kwenye mkeka wako akapeleka mkono usio wake kwenye chakula, mwache ale. Mimi sikumwacha. Kila jioni naweka ugali mkubwa kuliko tunavyohitaji, na hajarudi mlangoni.

Mwaka jana dereva mmoja wa Bujumbura alikuja na mashine ya kuonyesha sinema. Alikubali kutuonyesha ile filamu ya Uhuru, mara moja tu, maana imekuwa kavu. Tukatundika shuka uani. Vijana walileta benchi, wakasema siku hizi wanawake wanakaa mbele, mama, njoo. Aziza alikwenda mbele. "Umuone baba yako vizuri," nikamwambia. Mimi na Zena tukatandika mkeka wetu upande wa pili, na bakuli la ndagala katikati yetu.

Watu walipita, watoto wakaruka. Halafu akatokea na koti lake.

"Amefika," Zena akasema.

Akapita, akageuka, akacheka, akasema lile neno lake ambalo sijawahi kulisikia. Akainua mkono wa kushoto. Safari hii mimi sikumkosoa mkono.