Samli Kwenye Ubao wa Yusufu

Nichekeni tu, mwenyewe nimeshajicheka. Mwaka wa tisini na mbili mjukuu wangu Yusufu alikuja mtaani kwetu Biryogo kunisalimia, akitokea Mombasa na ubao wake mrefu wa kusimama juu ya mawimbi. Kijana hodari, sijaona mfano wake! Jirani yangu Hamisi, fundi viatu, akamwambia, "Huu utakuangusha. Nikugandishie mpira pale mguu wa nyuma unapokaa."

"Mzee, nta niliyopaka inashika miguu vizuri. Kesho utaona. Nikianguka, gandisha."

Mimi hiyo nta sikuijua. Asubuhi nikaona ubao unanatanata, nikaona haya: kitu cha mgeni wangu kichafu hivi? Nikausugua kwa maji ya moto, kisha nikaupaka samli, kama mama yangu Nyirabagenzi alivyopaka vitu vya heshima. Ukang'aa!

Adhuhuri majirani, Mzee Sadiki, Zaituni, Mama Rehema, wote wakajaa uani. Yusufu akalaza ubao juu ya gunia la maganda ya maharagwe, liwe wimbi lake, akaruka juu kama swala. Puu, chini! Akainuka akicheka, akapanda, akaanguka tena. Mara tatu. Moyo wa simba ule!

"Sikukwambia?" Hamisi akashika gundi yake.

"Gandisha, mzee," Yusufu akasema kwa unyonge. "Nta imeniangusha."

Ndipo paka wa Mama Rehema akaja, akaulamba ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akanijia moja kwa moja, mbele ya watu wote, akaanza kunilamba vidole.