Mdudu Aliyemuuma Mzee Serafini

Nilifunga kibanda changu cha kutengenezea saa mjini Gitega katikati ya wiki, wateja wakiwapo, kwa sababu ya mdudu aliyekanyagwa. Mdudu mwenyewe sikuwa naye. Nilikuwa na picha yake tu, aliyonitumia kwenye simu dada yangu Konsolata kutoka Muyinga, na chini ya picha ameandika: "Onesmo, huyu ni nyuki wangu? Nijibu haraka."

Wanaonifahamu wanajua kwamba swali kama hilo naliacha lolote ninalofanya ili nilijibu. Lenzi ninayotazamia vigurudumu vya saa naishikiza mbele ya kamera ya simu, na kwa njia hiyo nimepiga picha za nyigu, nyuki na sisimizi wa kila ukuta na kila ua la mji huu. Wakulima wa Makebuko na Itaba hunitumia picha zao niwaambie ni nani aliyetoboa boriti au aliyejenga juu ya mlango. Sijisifu bure. Nikipewa picha nzuri ya ubavuni, sikosei mara nyingi.

Picha ya dada haikuwa nzuri hata kidogo. Mdudu alikuwa amesagwa na soli ya kiatu, bawa moja huku, kichwa kule. Hata hivyo mguu wa nyuma ulikuwa mzima, nao ulikuwa mwembamba na msafi. Mguu wa nyuma wa nyuki kibarua ni mpana, maana ndio kapu lake la kubebea chavua. Na mwili ulikuwa unang'aa, hauna manyoya. Nilimpigia dada simu papo hapo.

"Si nyuki wako," nikamwambia. "Ni nyigu."

Nilidhani atafurahi, kumbe alianza kulia. Dada yangu si mtu wa machozi. Akanieleza kwamba Jumapili iliyopita familia ya mchumba wa binti yake Divine ilikuja kuposa. Msemaji wao, Mzee Serafini, baba mkubwa wa kijana, aliumwa mdomoni wakati anakunywa pombe ya ndizi. Mdudu akakanyagwa papo hapo, mdomo ukavimba hotuba ikiwa katikati, wageni wakaondoka bila kula. Baadaye wakatuma neno: hawarudi kupanga harusi mpaka mizinga yote ya nyuki iondolewe nyumbani kwa dada.

"Na wewe umesemaje?" nikamuuliza.

"Nimesema nitaiondoa Jumamosi. Nitafanyaje, mdogo wangu? Divine ni mtoto, nyuki ni nyuki."

Mizinga hiyo ndiyo iliyomsomesha huyo Divine. Ufugaji dada aliujifunza Tanzania, tulikokulia, na tuliporudi Burundi alianza na mzinga mmoja wa gogo aliouchonga mwenyewe. Nilikasirika kweli. Mdudu mmoja anafanya kosa, na ukoo mwingine kabisa unafukuzwa! Nikamwambia asiguse kitu, nakuja.

Asubuhi yake nilipata nafasi katika gari la abiria la kwenda Muyinga kupitia Karuzi. Kwenye miteremko waendesha baiskeli walitupita na mikungu yao ya ndizi wakishuka kama wamefukuzwa, na kwenye milima tukawakuta wameshikilia nyuma ya malori, wanapandishwa bure. Dereva wetu, kijana aliyejiita Claude, aliwapigia honi wote, wa kupanda na wa kushuka.

Kabla ya Karuzi tairi moja liliisha upepo. Wenzangu walikaa kivulini, mimi nikaona msafara wa siafu unakatiza njia, nikapiga magoti nikatoa lenzi. Askari wao wana vichwa vikubwa kuliko kazi ya kufikiri inavyohitaji, nao walikuwa wamesimama kandokando na taya wazi huku wadogo wakipita katikati.

"Eh, mzee! We iko unafanya nini mu barabara?" Claude akaita, spana mkononi.

"Nawapiga picha siafu."

"Siafu? Na mi niko hapa natoka jasho, hunipige foto hata moja!"

Nikampiga yeye na tairi lake, akaridhika, na kumbe siafu mmoja alikuwa ameshaingia kwenye soksi yangu. Nilimtambua bila picha. Abiria wote walicheka, na mwenye kucheka sana alikuwa Claude.

Mjini Muyinga sikwenda moja kwa moja kwa dada. Nilimwambia anikute kwa mpiga picha aliyekodiwa siku ya posa, Mkongo wa kutoka Uvira aitwaye Safari, mwenye chumba cha picha karibu na soko. Picha ya soli ilikuwa imeniambia mdudu si nyuki, lakini mkwe aliyevimba mdomo haambiwi "si nyuki" akaridhika. Lazima umwonyeshe huyo mwingine ni nani na alitoka wapi.

Safari alitupokea vizuri, akageuza kompyuta yake kutuelekea. "Mi nilipiga mafoto mingi sana, iko yote hapa," alisema. "Hata ya kilio iko. Ile siku ilikuwa mbaya, mama, pole."

Alianza kuzipitisha moja moja. Chungu cha pombe katikati, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake wa tete. Kwenye ukingo wa chungu walikuwapo nyuki kweli, watatu wanne, wanalamba utamu. Dada aliwaona akashusha pumzi. "Unaona? Walikuwapo. Mzee hakusema uongo."

"Walikuwapo wanakunywa," nikasema. "Endelea, ndugu Safari."

Ikaja picha ya Mzee Serafini ameinama, mashavu yameingia ndani kwa kuvuta. Ikaja nyingine, ameutoa mrija anautazama kwa hasira. Nyingine tena, anaugongagonga kwenye goti.

"Hapa alikuwa anafanya nini?" nikauliza.

"Ah, pombe haikupanda. Alivuta, alivuta, zero. Akasema machicha imeziba. Mama huyu alisikia haya mingi."

"Nilitamani ardhi inimeze," dada akasema. "Pombe nilichuja mwenyewe mara mbili."

Picha iliyofuata ndiyo niliyoifungia kibanda. Safari, Mungu ambariki, alikuwa amebonyeza kamera sekunde ile ile. Mzee ameurudisha mrija mdomoni, na kwenye tundu la juu, palipogusana na mdomo, anatokeza mdudu. Nilimwomba Safari aikuze. Kiuno kimebanwa kama kimefungwa kwa uzi. Mabawa yamekunjwa kwa urefu, membamba, jinsi nyigu wanavyoyakunja na nyuki hawawezi. Huyu nilimjua kama ninavyoijua saa yangu: nyigu mwashi, asiye na kundi wala malkia. Jike huishi peke yake, hutafuta tundu refu, hulijaza vyumba vya udongo na kuweka humo viwavi aliowalevya kwa sumu, chakula cha watoto wake. Huwa hana ugomvi na mtu. Lakini ukimgonga kwenye goti kisha ukambana kwa mdomo, atajitetea.

"Mirija ile ulitoa wewe?" nikamuuliza dada.

"Ya wengine nilitoa mimi, mipya. Mzee Serafini alikuja na wake. Wazee wa kwao hawanywei mrija wa mtu. Aliutoa kwenye kitambaa, ukoo mzima unaona."

Nilicheka kwa sauti, nikashindwa kujizuia. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Dada hakucheka. Alinishika mkono. "Methali hiyo iache hapa hapa kwa Safari. Ukienda kumwambia mzee maneno hayo, Divine haolewi leo wala kesho."

Nyumbani kwa dada, mlimani nje ya mji, mrija wa mzee ulikuwa umeegemezwa kwenye kona ya sebule, umefunikwa kwa kitambaa chake mwenyewe. Aliuacha siku ile kwa hasira, na dada hakuthubutu kuutupa, kwa sababu mrija wa mzee wa watu hautupwi wala hauchezewi. Nilimulika kwa tochi ya simu upande wa juu. Ndani kidogo palikuwa na udongo, umekandikwa ukawa laini kama ukuta wa nyumba iliyopigwa plasta. Nikapiga picha kwa lenzi.

"Upasue tuone," akasema Divine, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na macho mekundu.

Mkono uliniwasha. Nilikuwa na kisu, na jibu lilikuwa ndani. Lakini dada alitikisa kichwa, na alikuwa sahihi. Mrija uliopasuliwa nyumbani kwetu ungekuwa kosa la pili, na tena nani angeamini kwamba udongo hatukuutia sisi?

Ijumaa asubuhi tulivuka bonde, mimi na dada, hadi nyumbani kwa Mzee Serafini. Dada alibeba chupa ya asali, mimi mrija, kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa. Kwa mara ya kwanza katika safari ile nilikuwa na woga. Kumjua mdudu ni kazi yangu. Kumwambia mzee mbele ya wake zake kwamba amejiuma mwenyewe si kazi ya mtu yeyote.

Alikuwa ameketi barazani, mrefu, koti la zamani begani. Mdomo ulikuwa umeshapungua. Miaka mingi aliuza kahawa mpakani upande wa Ngara, kwa hiyo Kiswahili alikijua.

"Amahoro, mzee," nikasalimu. "Mimi ni mdogo wake Konsolata. Nimekurudishia mrija wako."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi, "ndiyo we fundi wa masaa wa Gitega?" Aliupokea, akauweka mapajani. "Na ile manyuki? Imeshatoka?"

"Kesho, mzee," dada akajibu haraka, macho chini.

Nikatoa simu. "Mzee, naomba ruhusa nikuonyeshe picha moja. Ukisema nimekosea, kesho mizinga nitaibeba mimi mwenyewe."

Alitazama muda mrefu. Alimtazama nyuki wa kwenye ukingo wa chungu, kisha yule wa kwenye mrija. Nilimwonyesha kiuno, mguu, mabawa. Sikusema mdudu ametoka wapi. Nilisema tu: "Huyu wa pili hujenga nyumba ya udongo ndani ya tete. Mrija ni wako, mzee. Mimi siwezi kuufungua."

Mzee aliugeuza mrija mapajani. Kisha akainua macho taratibu hadi kwenye ukingo wa paa, na mimi nikayafuata. Chini ya nyasi za paa ilining'inia mirija mingine ya sherehe, imefungwa pamoja, na mbele yake nyigu mmoja alikuwa akielea na bonge la udongo kinywani. Akachagua tundu, akaingia. Tulimwona sote watatu.

Mzee aliomba kisu. Akaupasua mrija wake kwa urefu, mwenyewe, polepole. Vyumba vilikuwa vimepangwa kimoja baada ya kingine, na ndani viwavi wa kijani, laini, hawajafa wala hawajiwezi. Katika chumba kimoja yai dogo lilikuwa bado linaning'inia kwa uzi kutoka darini.

"Hii mrija nilipewa na baba," alisema. Alifunga vipande kwenye kitambaa, akapokea asali kwa mkono mmoja, akatuaga.

Njiani dada alitembea mbele. Mimi nilirudia kila neno nililosema, nikitafuta lililomuudhi. Jioni ile dada alianza kusokota kamba za kufungia mizinga.

Jumamosi asubuhi, kamba zikiwa tayari chini ya mgomba, tuliwaona wanapanda mlima. Mzee Serafini mbele, nyuma yake wazee wote wale wa Jumapili, hata kijana mchumba katika shati lake la posa. Hawakuja barazani. Mzee alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mizinga, akasimama karibu kiasi cha nyuki kumzunguka kofia, akageuka.

"Nilisema mbele ya watu, na leo nasema mbele ya watu hao hao," alisema, na sauti yake ilifika hadi jikoni. "Nyuki wa mama huyu hawana kosa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mdudu nilimbeba mimi, toka kwangu, mu kitambaa changu."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, na mabega yakimtikisika. Sikujua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua.

Chungu kikaletwa. Mzee alichomoa mrija mpya, tete bado la kijani. Kabla ya kuutia kwenye pombe aliuinua jichoni, akafumba jicho la pili, akachungulia mbingu kupitia tundu lake kama mimi ninavyochungulia saa ya mteja. Akaridhika. Wazee wengine wakatazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakainua mirija yao juu wakachungulia. Siku ya harusi ilipangwa kabla chungu hakijaisha.

Nilirudi Gitega kwa gari lile lile la Claude, na wateja wangu walinipokea kwa manung'uniko niliyostahili. Nilijua mdudu ni nani tangu nikiwa kibandani, kwa mguu mmoja tu, na hilo bado linanipa kiburi. Lakini jina lake halikuokoa mzinga hata mmoja. Kilichoiokoa ni mzee wa watu kukubali kuupasua mrija wa baba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Juzi simu imelia. Namba siijui, picha ya nyigu imepigwa ubavuni, safi, kiuno na mguu vinaonekana. Ni paa la nyasi, na pembeni yake mirija ya tete. Chini ya picha, Mzee Serafini ameandika: "Hii yote nimewaachia. Yetu tunaweka ndani."