Vioo Vitatu vya Kumuaga Shangazi

Utotoni mwangu, pale Buganguzi, mkono wa kushoto ulikuwa na kazi zake, na kuaga haikuwa mojawapo. Ukimpungia mtu kwa kushoto, Bibi, mama yake baba yangu, alikuita urudi, utue mzigo, uage upya kwa kulia. "Anayeaga kwa kushoto harudi," alikuwa akisema, na hakuwa anatania hata kidogo.

Mimi nilikuwa darasa la sita, mjuaji kupita kiasi, na nilimcheka chinichini. Leo nafundisha fizikia hapa Bukoba mjini. Wanafunzi wangu hudhani nina majibu ya kila kitu, maskini, na mimi siwatoi kwenye ndoto hiyo.

Mwaka huo Bibi aliteleza kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, akikata majani ya migomba, akavunjika nyonga. Akalazwa kwenye chumba cha nyuma, dirisha likitazama migomba tu. Na mwaka huohuo Shangazi Koku, kitinda mimba wake, alikuwa anaolewa kisiwani Bumbire. Bibi hakulilia kwenda kanisani wala hakulilia keki. Aliomba kitu kimoja: amwone mwanawe akitoka uani. Kumbeba hadi barazani haikuwezekana, maana hata akigeuzwa kitandani alipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Shuleni tulikuwa tumetoka kujifunza periskopu, kile chombo cha vioo viwili cha kuonea mahali jicho lisipofika. Nikamwambia Baba, "Tunaweza kuupindisha mwanga ukamfuata Bibi kitandani. Na kamera yako ikimpiga Bibi pamoja na kioo kilicho mbele yake, yeye na Shangazi wataingia kwenye picha moja."

Baba alikuwa na kamera ya filamu aliyoipenda kuliko baiskeli yake. "Haya, mhandisi," akasema. "Upindishe."

Tulichomoa kioo cha kabati tukakiegemeza sebuleni, kimekaa mshazari kati ya mlango wa mbele na mlango wa chumba. Kioo cha pili, cha kuazima kwa jirani, tulikiweka kwenye kona ya chumba kikimgeukia Bibi. Siku moja kabla ya harusi tulivisogeza asubuhi nzima, tukikunja magazeti na kuyachomeka chini yake, maana ukikosea kidogo tu Bibi anaona dari. Mwishowe nikasimama uani nikapunga mkono wa kulia. Sauti ya Bibi ikatoka ndani: "Waitu! Nakuona! Mbona hujachana nywele?" Nilifurahi nikaruka kama mwendawazimu.

Siku yenyewe mvua ilinyesha alfajiri. Gari la maharusi likashindwa kuingia uani kwa tope, likasimama kando, upande wa jikoni, mahali ambapo vioo vyetu havikufika. Nilitaka kulia. Baba akamwomba mpambaji wa bibi harusi kioo chake, tukakifunga kwenye nguzo ya baraza kwa kamba za mgomba, kikalitazama gari na kurudisha sura sebuleni. Nikachungulia kitandani kwa Bibi. Gari lilikuwepo kiooni, dogo lakini safi, na maua yake yote.

Shangazi Koku aliingia, akapiga magoti, akabarikiwa, wakalia wote wawili. Alipotoka, Baba alimwagiza, "Ukifika kwenye gari, kitazame kile kioo, umpungie Mama." Kisha akasimama kando ya kitanda na kamera yake, flashi ameizima, maana ingerudi yote kwenye kioo. Bibi akaona gauni jeupe, akainua mkono wake wa kulia. Kule kiooni Shangazi naye akainua wake. Kamera ikalia.

Mkono wa Bibi ukabaki hewani. "Kushoto," akasema. "Koku ameniaga kwa kushoto."

Nikatoka mbio. Gari lilikuwa limeshakata kona. Wanawake waliokuwa jikoni waliapa kwamba Shangazi alipunga kwa kulia, na mmoja akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Kwa kweli nilikuwa nimechanganyikiwa. Jana yake vioo vilisema kweli, kulia kwangu Bibi alikuona kulia, leo vinasema uongo, na ni vioo vilevile! Kumwita bibi harusi arudi ilikuwa balaa jingine, hakuna aliyethubutu. Na mbele yake kulikuwa na ziwa la kuvuka.

Bibi hakula jioni ile. Nilimpelekea kioo kidogo nimwoneshe kwamba vioo hugeuza. "Inua mkono wa kulia, Bibi." Akainua. "Unaona? Kioo kimeinua kushoto."

"Kiko wapi hicho kushoto?" akauliza. "Mkono wangu uko huku, na wa kioo uko hukuhuku."

Nikatazama. Ulikuwa hukuhuku kweli. Nikainua mkono wangu mwenyewe, nikajigeuza, nikakigeuza kioo, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kupotea. Bibi alinihurumia akaniambia nikalale.

Shangazi alituma salamu kwamba amefika salama. Bibi akasema kufika si kurudi.

Picha ilipotoka kwa fundi mjini, mambo yalikuwa yaleyale: Bibi kitandani mkono wa kulia juu, na kiooni Shangazi na kushoto kwake. Baba akarudi kwa fundi, filamu ikageuzwa upande wa pili, ikasafishwa picha nyingine. Akaileta kwa majivuno. "Ona, Mama. Kulia!"

Bibi aliitazama sana. "Koku yuko sawa," akasema. "Lakini huyu mwingine ni nani? Pete yangu imehamia kulia. Na anaaga kwa kushoto."

Ilikuwa kweli: ukimnyoosha mmoja, unampindua mwingine, na hakuna namna ya kuwaweka wote wawili sawa kwenye karatasi moja. Baba akaanza kusema ataipeleka tena.

"Acha," Bibi akasema. Alizilaza picha mbili juu ya blanketi, akachukua ile ya kwanza, akaichana vipandevipande. "Iwe mimi. Hii ya pili ndiyo mtakayompelekea Koku." Kisha akaomba ndizi na maharage, akala sahani nzima, akalala akikoroma.

Kabla ya mwaka kwisha nyonga ilimrudia vibaya, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Shangazi Koku alivuka ziwa kuja kumzika, na anaendelea kuja kila Krismasi, mnene, mcheshi, na watoto wake. Picha ile ameitundika sebuleni kwake. Anadhani mama yake alichanganya mikono kwa sababu ya maumivu.

Leo naweza kuchora ubaoni kwa nini vioo viwili hurudisha sura na vitatu huipindua. Najua pia kwamba Bibi alikuwa mzee, na kwamba nyonga ya mzee haihitaji mkono wa kushoto ili imwue. Hayo nayajua vizuri, na bado kichwa changu hakitulii. Balaa lilikuwepo au halikuwepo, mimi siwezi kuapa. Yeye aliamini lipo, lenye uzito wake, na alilichukua badala ya mwanawe akiwa na akili timamu mbele ya macho yetu, sisi tukidhani tunazungumza habari za picha. Nina watoto wawili sasa. Ninawapenda mno, na sijui kama ningeweza.