Muuguzi, ajira mbili na simu ya saa saba mchana

Saa sita na dakika hamsini mchana, Debora Zabron anatazama saa ya ukutani kwa mara ya tatu. Anamaliza kufunga bendeji kwenye goti la mgonjwa, ananawa mikono, kisha anasogea kwenye meza ya wauguzi na kusimama karibu na simu ndogo ya batani iliyochomekwa kwenye chaji.

Simu si yake. Mwenyewe amezikwa tangu Oktoba.

Saa saba kasoro dakika mbili inaita. Kwenye kioo linatokea neno moja tu, Yeyo. Mmoja wa wagonjwa wawili waliokuwa wakipiga soga anavuta shuka hadi kidevuni japokuwa joto la Mikumi siku hiyo ni la kuivisha ndizi.

"Haloo. Shikamoo," anasema Debora. Hajibiwi. Anamkabidhi mwandishi wa simulizi hii asikilize mwenyewe.

Kuna upepo. Kuna mtu anapumua taratibu, karibu kabisa na sikio. Nyuma yake zinalia kengele za ng'ombe, nyingi, na moja imepasuka, mlio wake ni wa bakuli la bati. Inapita dakika nzima, kisha simu inakatwa.

"Leo hajakaa sana," anasema Debora na kuirudisha kwenye chaji.

Mwandishi, aliyefika Mikumi kuandika habari za wahitimu wanaosaka ajira na si habari za mizimu, aliomba kiti.

Debora ana miaka 24, mzaliwa wa Masanze wilayani Kilosa. Alihitimu stashahada ya uuguzi na ukunga mwaka jana, akapata leseni, na tangu Septemba anajitolea katika kituo kimoja cha afya kando ya barabara kuu. Posho yake ni shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, na sitini elfu zinaishia kwenye kodi ya chumba.

Mwezi wake wa pili kazini, lori la vitunguu lilipinduka katika barabara inayokatiza hifadhi. Aliletwa kijana aliyekuwa amepakiwa juu ya mzigo. Hakuwa na kitambulisho. Aliishi nusu saa.

"Aliomba maji, basi. Nikamlowesha midomo kwa pamba," anasimulia. "Alikuwa amenishika kidole hiki. Nilijua amekwenda kwa sababu kidole kilipata baridi."

Polisi walichukua vitu vyake. Matangazo yalitolewa, hakujitokeza ndugu, akazikwa. Simu ilionekana siku mbili baada ya maziko, imenasa chini ya godoro la machela. Laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine ambaye hakujua chochote, na ndani yake kulikuwa na namba moja tu. Kila walipoipiga haikupatikana. Askari akashauri simu ikae wodini kwenye chaji, akipiga mtu wapewe taarifa.

Mtu alipiga kesho yake, saa saba. Hakusema neno. Amepiga kila siku kwa miezi mitano.

Debora alijaribu kutafuta msaada. Alimwita Mmasai mmoja anayelinda duka la jirani, akampa simu ilipoita. Mlinzi alisikiliza kengele, akairudisha bila kumsemesha aliyepiga.

"Aliniambia yeyo ni mama," anakumbuka. "Halafu akasema, dada, habari ya namna hii haipelekwi kwa simu. Inapelekwa kwa miguu."

Miguu ya kwenda wapi, hakuna aliyejua.

Februari mambo yakaanza kumnyookea. Hoteli moja ya watalii nje kidogo ya mji ilimtaka asimamie chumba cha huduma ya kwanza kwa mshahara wa laki saba, chakula na malazi juu. Wiki hiyohiyo zahanati ya shirika la dini huko Msowero ikampa mkataba wa laki tatu na nusu, pamoja na nyumba ambayo mlango wake haufungiki. Wauguzi watatu wameondoka hapo ndani ya miaka miwili. Waajiri wote wawili walitaka jibu siku ileile, Ijumaa ya mwisho ya Machi.

Mama yake, Costancia, anayelima mpunga Masanze, haoni kitu cha kufikiria. Mtoto wake wa mwisho ameanza kidato cha kwanza mwaka huu.

"Hapo hata mjinga anajua pa kwenda," anasema huku akipepeta mchele. "Niliuza magunia ili awe nesi. Sikumsomesha akalinde simu ya marehemu."

Debora mwenyewe alikuwa upande wa mama yake. Alikwenda Msowero kwa adabu tu, aione zahanati kabla ya kuikataa. Simu aliiweka kwenye mtetemo, akaitia mkobani, maana zamu ile hakumwamini mtu wa kuipokea.

Alifika karibu na saa saba. Kwenye baraza palikuwa na meza yenye simu kama ishirini, zote zikichaji kwa umeme wa sola. Mbele yake kuna bomba na birika la kunyweshea mifugo, na ng'ombe walikuwa wanaingia. Debora akawaamkia wanawake waliokaa kwenye benchi.

"Nilisema shikamooni, basi. Wengine waliitikia. Bibi mmoja mwembamba aligeuza shingo haraka, akanitazama mdomoni. Si usoni. Mdomoni."

Kisha akasikia kengele iliyopasuka. Bibi alichukua simu yake mezani, akabonyeza kitufe kimoja kwa muda mrefu, na mkoba wa Debora ukaanza kutetemeka ubavuni mwake. Aliubana kwa kiwiko mpaka ukatulia. Akaaga, akapanda basi la kwanza.

"Nilijiambia kengele zote zinafanana," anasema. "Nilijidanganya hadi Kilosa. Baada ya hapo nikalia."

Alhamisi, siku moja kabla ya kutoa jibu, Debora anarudi Msowero, mwandishi akiwa naye. Anampokea Lucy, mhudumu wa afya wa jamii, binti wa wafugaji wa hapo, ambaye ndiye mwangalizi wa meza ya chaji. Debora anamweleza yote wamesimama nyuma ya jengo. Lucy anakaa chini kwenye kifusi cha mchanga.

Bibi anaitwa Nalotuesha. Mwanawe, Kisio, aliondoka kutafuta kibarua Iringa, akamwekea namba yake kwenye kitufe cha mbili. Bibi huwasha simu mara moja kwa siku, inapotoka kwenye chaji, kisha huizima. Kiswahili hajui.

"Sisi tulijua wanaongea," anasema Lucy. "Hapa kila mtu anajua Kisio ameoa. Bibi anatuambia mkwe wake anapokea, ana sauti ya upole, anamwamkia kila siku. Dada, huyo mke wa Kisio ni wewe."

Mwandishi, kwa kweli, alihisi nywele zikimsimama, mchana kweupe.

"Siku moja nilimuuliza, mbona humwambii akupe mwanao?" Lucy anaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Akasema, nikiuliza nitajibiwa."

Saa saba kasoro dakika chache, ng'ombe wanaingia. Nalotuesha anachukua simu mezani na kubonyeza. Safari hii Debora haubani mkoba. Anaitoa ile simu, inaita kiganjani mwake kwa sauti yote, na anatembea nayo hatua kumi na mbili hadi kwenye benchi. Bibi ameweka simu sikioni, macho kwenye ng'ombe, kana kwamba mlio anaousikia unatoka mbali.

Debora anapiga magoti, anainamisha kichwa kama watoto wa hapo wanavyowaamkia wakubwa.

"Takwenya," anasema. Ndiyo salamu pekee aliyofundishwa na Lucy dakika kumi kabla.

Kisha mkono mkavu unatua utosini mwake.

"Iko," anajibu Nalotuesha. Ni sauti ambayo Debora hajawahi kuisikia kwa miezi mitano.

Bibi anaichukua simu ya mwanawe. Anaigeuza, anaifuta kwa ncha ya shuka, anakitazama kioo ambacho hajui kukisoma. Haulizi kitu. Anamkabidhi Lucy zote mbili na kusema maneno machache.

"Anasema zichajiwe pamoja," Lucy anatafsiri.

Jioni ile, akiwa hapohapo barazani, Debora aliipigia hoteli na kukataa kazi. Halafu akampigia mama yake. Costancia aliuliza swali moja tu, kama mlango wa hiyo nyumba utatengenezwa.

Utatengenezwa. Debora anaanza Jumatatu, na yeye mwenyewe atawapa polisi taarifa. Anataka pazia kwenye chumba cha kujifungulia, anataka kufundishwa Kimasai na Lucy kila jioni, na kuanzia mshahara wa pili aanze kumlipia mdogo wake ada kidogo kidogo. Kwanza kabisa anataka kumpima bibi presha.

Kwa nini hakumwambia siku ile, alipokuwa amepiga magoti mbele yake?

"Hajaniuliza," anasema Debora. "Na mimi nilikuwepo mwanawe alipokata roho, yeye hakuwepo. Siku atakayouliza, nataka anikute hapa."