Kisigino Nilichokijaza

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya viatu pale Thika, fundi mkuu, mzee wa Kisikh mwenye sauti ya chini, alinimwagia mezani gunia la viatu vikuukuu. "Geuza," akasema. "Niambie kila mwenyewe anatembeaje." Nilidhani ananitania. Akachukua kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye soli, akasema, "Huyu anatua na kisigino, upande wa nje. Goti la kulia linamsumbua." Jioni mwenye kiatu alifika akipanda ngazi pole pole, mkono juu ya goti la kulia.

Kanuni ya karakana ilikuwa moja: paliposagika, jaza. Tulikata kipande cha mpira mgumu, tukakibandika kwa gundi, tukapiga msasa mpaka kiungo kisionekane. Kwa viatu vya kwenda sokoni na kanisani, ilitosha. Miaka ikapita, nikapandishwa cheo, nikapelekwa tawi la Ruiru kuwa msimamizi wa ukarabati, na kanuni yangu nikaenda nayo.

Huko aliniletea viatu Wanjiku, binti kutoka kijiji cha Theta aliyejiandaa kwa mchujo wa timu ya mbio. Wangechukuliwa watatu, na kuchukuliwa ndiyo ilikuwa ajira; kwao hakuna mwingine aliyekuwa na kazi. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje. Nikajaza mpira, tena kwa ukarimu, maana nilimpenda kwa bidii yake. Nilijisifu wee!

Wiki tatu baadaye kocha wake aliingia bila hodi, akaviweka vile viatu kaunta.

"Fundi, hii ngazi ya mpira hapa kisiginoni ni ya nani?"

"Ni yangu, kocha. Si ilikuwa imeisha hapo?"

"Sasa Wanjiku anatembea na magongo. Muundi umepata ufa. Daktari amesema asahau mchujo wa mwaka huu."

Muundi ni ule mfupa wa mbele, chini ya goti. Kocha alikiri kwamba naye alikuwa amemwongezea kilomita kupita kiasi, lakini hilo halikunipunguzia aibu.

Alipopona, kocha aliniita uwanjani. "Kuja uone kwanza, kabla hujashika kisu tena." Wanjiku akakimbia pole pole kwenye nyasi, miguu mitupu. Mungu wangu! Hatua zilikuwa fupi, wayo ukitua bapa chini ya mwili, goti limekunjika kidogo. Kisha akavaa vile viatu nilivyomjazia. Hatua zikarefuka, kisigino kikatangulia mbele ya goti, kila hatua akijifungia breki. Binti yuleyule, miguu ileile! Nilikuwa nimeshika maelfu ya viatu na sikuwahi kumtazama mtu akikimbia.

Nilimwendea nikamwambia ukweli. "Wanjiku, mimi ndiye niliyekuumiza. Tafuta fundi mwingine."

"Zii, Guka," akacheka, akiniita babu kwa Kikuyu. "Huyo mwingine bado hajakosea akajifunza."

Basi nikakwangua ule mpira. Sikukishusha kisigino kwa siku moja. Nilikipunguza kila wiki unene wa kadi, kwa sababu shavu la mguu na kano ya nyuma ya kisigino zikibebeshwa kazi ghafla nazo huumia. Nanyi mnaoshika kisu leo, msinielewe vibaya. Wapo wanaotua na kisigino maisha yao yote bila maumivu, na hao niliwaacha walivyo. Ninachowaomba ni mtoke nje mkamtazame mtu kabla ya kugusa kiatu chake.

Nilistaafu kabla ya mchujo wa mwaka uliofuata, nikaenda kama mtazamaji tu, nikasimama kwenye kona ya mwisho. Wakimbiaji walipokaribia nilifumba macho kwa woga. Siku hizi nikiwa nimekaa bure nyumbani Kamenu, huwa naikumbuka ile kona kuliko kazi yote niliyoifanya. Vishindo vya kundi vilinipita, vizito, kimoja baada ya kingine, nami nikivipima kwa masikio nikitafuta vya Wanjiku. Sikuvisikia. Nikajua ameanguka huko nyuma.

Nilipofumbua macho, alikuwa ameshanipita, wa pili, wayo ukigusa chini bila kishindo.